UZI: Kwa nini waziri hutoka salama kwenye kipindi cha maswali, na swali la namna gani humbana kweli

#1 Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu wote.

Kila vikao vya bunge vikianza tunasambaza vipande vya video vya mbunge aliyepaza sauti, tunamsifu kwamba kawasha moto, na wiki ikiisha hakuna anayekumbuka waziri alijibu nini. Mimi hufuatilia jibu kuliko swali, na kinachoniuma ni kwamba maswali mengi yanampa waziri njia ya kutokea kabla hajasimama.

Chukueni swali hili, ambalo kila msikilizaji wa bunge amelisikia kwa sura tofauti: "Je, Serikali ina mpango gani wa kukamilisha zahanati iliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi?" Jibu linakuja: "Serikali inatambua umuhimu wa huduma za afya na itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana." Hapo waziri hajasema uongo. Hajataja tarehe wala kiasi. Mwaka kesho swali likirudi, jibu lilelile litafaa bila kubadilishwa neno. Mbunge anashukuru kwa majibu mazuri, anauliza la nyongeza linalofanana na la kwanza, Spika anaita wizara nyingine.

Sasa liulizwe hivi: "Bunge liliidhinisha fedha za kukamilisha zahanati hii katika mwaka wa fedha uliopita. Hadi mwaka huo unafungwa, ni kiasi gani kilitolewa na Hazina, kilipokelewa tarehe gani, na kimelipia kazi ipi?" Kila kipengele hapo kina karatasi yake serikalini. Akisema fedha zote zilitoka, mkaguzi atazikuta au hatazikuta. Akisema hazikutoka, amekiri mbele ya wote kwamba bajeti iliyopitishwa haikutekelezwa. Na akiamua kuzunguka, hata mtu asiyejua mambo ya fedha ataona kwamba ameulizwa tarehe na hajataja tarehe.

Hoja yangu ni hiyo. Waziri hubanwa na swali ambalo jibu lake linaweza kukaguliwa baadaye likaonekana ni kweli au si kweli.

Kuna mfano naupenda. Aprili 2018 Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, Amber Rudd, aliitwa mbele ya kamati ya bunge inayosimamia wizara yake, wakati wa kashfa ya Windrush. Wahamiaji waliofika kihalali kutoka Karibi miongo mingi nyuma walikuwa wananyimwa huduma, wengine wakifukuzwa nchini. Kamati ilitaka kujua kama idara ya uhamiaji ilikuwa na malengo ya idadi ya watu wa kuondoshwa. Swali la namna hiyo halina jibu la "Serikali inatambua umuhimu". Malengo yapo au hayapo. Akasema hawafanyi kazi hivyo. Siku chache baadaye gazeti la The Guardian likachapisha barua yake mwenyewe kwa Waziri Mkuu, yenye lengo la kuongeza idadi hiyo kwa asilimia 10. Alihojiwa tarehe 25, akajiuzulu tarehe 29. Kama wangemuuliza ana mtazamo gani kuhusu haki za wahamiaji, angejibu vizuri na kurudi ofisini kwake.

Kuhusu utaratibu, kwa wasioufuatilia: katika mabunge mengi yaliyorithi mfumo wa Uingereza swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, na wizara inapata muda wa kuandaa jibu. La nyongeza huulizwa papo kwa papo. Mbunge makini hulitumia la msingi kumfanya waziri ataje jambo mahususi na liingie kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za bunge, kisha anakuja na la nyongeza aliloliandaa siku nyingi, akiwa na nakala ya waraka mkononi. Mbunge anayetunga la nyongeza akiwa amesimama ameshachelewa.

Haki ya kuuliza si zawadi ya Serikali. Katiba ya Tanzania, ibara ya 63(3)(a), inalipa Bunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Na desturi yenyewe ilizaliwa na fedha. Swali la kwanza kuwekwa kwenye kumbukumbu katika bunge la Uingereza liliulizwa mwaka 1721, na lilihusu mhasibu mkuu wa Kampuni ya South Sea aliyetoroka nchi baada ya hisa za kampuni hiyo kuporomoka na kufilisi watu wengi. Iliulizwa kama ni kweli amekamatwa. Swali fupi, lenye jibu moja.

Karibuni tujadili.

#2

Mleta uzi umeandika vizuri lakini umeruka kikwazo kikubwa. Chama tawala kina viti vingi, Spika anatoka humohumo, mawaziri ni wenzao. Swali liwe na tarehe au lisiwe nayo, mwisho wa siku wanapiga makofi na bajeti inapita. Mbunge wa chama tawala hawezi kumdhalilisha waziri wake.

#3

Naomba nichangie kutoka upande wa pili wa meza. Niliwahi kufanya kazi kwenye kitengo kinachoandaa majibu ya wizara. Wizara siitaji.

Swali likifika, linapelekwa idara husika. Idara inaandika rasimu, mkurugenzi anapitia, inapanda kwa Katibu Mkuu, ndipo inamfikia Waziri au Naibu. Kila ngazi inapunguza. Mhandisi anaweza kuandika kwamba mkandarasi aliondoka kwa sababu hakulipwa. Ngazi inayofuata inaandika kwamba kulikuwa na changamoto za malipo. Ikifika juu inasomeka kwamba mradi upo katika hatua mbalimbali za utekelezaji. Hakuna aliyedanganya, na ukweli umeshatoka.

Pamoja na jibu la msingi, waziri hupewa kurasa za taarifa za ziada, maana tunakaa na kubashiri maswali ya nyongeza. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kwa mbunge aliyezoea kulalamika tulikuwa tunaandika nusu ukurasa. Kwa mbunge aliyezoea kuja na barua, hati ya ununuzi au ukurasa wa ripoti ya ukaguzi, tulikuwa tunapiga simu mikoani usiku. Na hapo, nawaambieni kwa dhati, mambo yalikuwa yanatembea. Malipo yaliyokaa mezani yalisainiwa ili waziri asimame na kusema yameshalipwa. Swali lenyewe lilikuwa halijaulizwa bado.

Kwa hiyo msihukumu kwa kile mnachokiona kwenye luninga tu. Swali zuri hufanya kazi kuanzia siku linapoingia masjala.

Niongeze jambo ambalo mleta uzi amelipitia haraka. Kwenye fedha kuna hatua nne, na wabunge wengi huzichanganya: zilizoombwa, zilizoidhinishwa, zilizotolewa, zilizotumika. Waziri akiulizwa "mmetenga kiasi gani?" anafurahi, kwa sababu iliyotengwa ni namba kubwa na ipo kwenye kitabu cha bajeti. Muulizeni iliyotolewa. Halafu muulizeni kati ya iliyotolewa, ni kiasi gani kililipa madeni ya miaka ya nyuma na kiasi gani kilifanya kazi mpya. Hilo la madeni linaficha mengi, maana mradi unaweza kuonekana umepata fedha zake zote kumbe hakuna hata tofali lililoongezwa mwaka huo.

#4

Mkuu #3, nimekusoma. Huo mchango ungestahili uzi wake.

#5

Wenzangu, niwaletee ya Kenya kidogo maana sisi tulichukua njia nyingine. Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni. Waziri si mbunge tena, anapendekezwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Kifungu cha 153 kinamlazimu kufika mbele ya kamati ya Bunge la Kitaifa au ya Seneti anapohitajika, na kujibu swali lolote kuhusu jambo lililo chini yake. Kifungu cha 125 kinazipa kamati uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita shahidi na kumtaka alete nyaraka.

Kwa miaka kadhaa maswali yote yalikuwa kwenye kamati. Baadaye, katika Bunge la 13, Kanuni za Kudumu zikabadilishwa ili mawaziri wafike ukumbini kujibu. Wapo waliosema ni hatua nzuri kwa sababu wananchi wanaona. Mimi naegemea kamati. Kamatini mwenyekiti anaweza kumwambia waziri "hujajibu, rudia", na wanachama wakamfuata kwa jambo moja hadi liishe. Ukumbini saa inakimbia, na kila mbunge ana la kwake la eneo bunge lake.

#6 Mleta uzi

#5 nakubaliana nawe kuhusu kamati. Angalieni Kanada: katika House of Commons, yaani bunge lao la chini, kipindi cha maswali hudumu dakika 45, na swali hupewa sekunde 35, jibu vilevile sekunde 35. Kwa sekunde 35 huwezi kuchambua kasma moja ya bajeti. Ila wenzetu hao wana pia maswali ya maandishi, ambayo mbunge anaweza kudai yajibiwe ndani ya siku 45, na huko ndiko takwimu zinakotoka. Seneti ya Australia ina kamati za makadirio ambapo waziri anakaa na watendaji wake, na maseneta wanapitia matumizi kipengele kwa kipengele. Mtendaji akikosa jibu anaandikiwa deni la kulileta kwa maandishi.

Sasa #2, umeuliza jambo la msingi na sitalikwepa. Wingi wa viti ni kikwazo, na nisingependa mtu adhani swali zuri linashinda kura. Lakini ukisema mbunge wa chama tawala hawezi, historia inakupinga.

India, mwaka 1957. Shirika la bima la Serikali, lililokuwa na mwaka mmoja tu tangu liundwe, lilikuwa limenunua hisa za zaidi ya rupia milioni 12 katika kampuni za mfanyabiashara Haridas Mundhra, ambaye mambo yake ya kifedha yalikuwa mabaya. Fedha hizo zilikuwa michango ya watu wa kawaida waliokata bima. Aliyelivalia njuga bungeni alikuwa Feroze Gandhi, mbunge wa chama tawala cha Congress na mkwe wa Waziri Mkuu Nehru mwenyewe. Hakuja na matusi. Aliuliza juu ya hisa: zipi, kwa bei gani, lini, na nani aliidhinisha. Waziri wa Fedha, T. T. Krishnamachari, hakuwa na majibu yanayoshikana. Ikaundwa tume ya Jaji Chagla iliyosikiliza mashahidi hadharani, na Februari 1958 waziri akajiuzulu.

Kwa hiyo mbunge wa chama tawala anaweza. Anachohitaji ni kuuliza jambo ambalo wenzake hawawezi kulitetea hata wakitaka. Kumtetea waziri anayeitwa mzembe ni rahisi, unasema ni chuki binafsi. Kumtetea waziri aliyeshindwa kusema nani alisaini ni aibu ambayo wenzake wengi hawataki kuishiriki.

#7

Naomba kuuliza, hivi hiki cha "kushika shilingi" ya mshahara wa waziri kina maana gani hasa? Kila bajeti nasikia mbunge anasema atashika shilingi, mwishoni anairudisha. Ni maigizo?

#8

Si maigizo, ingawa mara nyingi haifiki mwisho.

Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi linapitia bajeti ya wizara fungu kwa fungu. Mshahara wa waziri ni sehemu ya matumizi hayo. Mbunge asiporidhika na maelezo ya kisera anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara huo. Kiasi ni kidogo makusudi: kinachotafutwa ni mjadala, na wabunge wengine waunge mkono, na waziri alazimike kujibu kwa kina badala ya sentensi mbili. Wahindi wana utaratibu wa jamii hiyohiyo. Mbunge anaweza kuomba fungu lipunguzwe libaki rupia moja kama anapinga sera yenyewe, au lipunguzwe rupia 100 kama ana malalamiko mahususi.

Na inaweza kuangusha serikali. Juni 1895 Uingereza, wabunge walilalamika kwamba akiba ya baruti ya jeshi haitoshi. Ikatolewa hoja ya kupunguza mshahara wa waziri wa vita, Henry Campbell-Bannerman, kwa pauni 100. Serikali haikutarajia kushindwa, na wabunge wake wengi hawakuwepo. Kura 132 zikaunga mkono, 125 zikapinga. Serikali nzima ya Rosebery ikajiuzulu. (Campbell-Bannerman mwenyewe alirudi na kuwa Waziri Mkuu mwaka 1905.)

Tatizo la kushika shilingi siku hizi ni kwamba mbunge anairudisha akishapewa ahadi ya mdomo. Angeirudisha kwa sharti: waziri ataje tarehe na kiasi, papo hapo, kiingie kwenye kumbukumbu. Wachache hufanya hivyo, na hao ndio ninaowaheshimu.

#9

Mimi nina wasiwasi na kitu kingine. Swali likiwa zuri sana, jibu linakuwa "hilo ni suala la usalama wa taifa" au "lipo mahakamani". Hapo mbunge anafanya nini?

#10 Mleta uzi

#9, hapo pagumu, na sitajifanya kuna dawa ya haraka. Yapo mambo ambayo kweli hayafai kusemwa hadharani, na kanuni za mabunge mengi zinakataza swali linalogusa shauri lililopo mahakamani. Zinakataza pia swali la kutaka maoni au la mambo ya kufikirika, na pengine mbunge huambiwa kwamba kulitafuta jibu kutagharimu kupita kiasi. Lakini kinga hizo hutumika pia kuficha aibu.

Mei 1982, wakati wa vita vya visiwa vya Falkland, nyambizi ya Uingereza iliizamisha meli ya Argentina, General Belgrano, wakafa watu 323. Mbunge Tam Dalyell akaanza kuuliza: meli ilikuwa wapi, ilielekea upande gani, ilionekana lini mara ya kwanza, amri ilitolewa saa ngapi? Aliuliza kwa miaka. Alidharauliwa, hata baadhi ya wenzake walimchoka. Majibu ya Serikali yakawa hayalingani moja na jingine. Mwaka 1984 Clive Ponting, mtumishi wa Wizara ya Ulinzi aliyeshiriki kuandaa majibu hayo, akaona Bunge linapotoshwa. Akamtumia Dalyell nyaraka mbili. Akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, na Februari 1985 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia.

Ninachojifunza hapo ni kung'ang'ania jambo moja. Maswali ya Dalyell yalikuwa ya saa, mahali na mwelekeo, hivyo kila jibu jipya lilipimwa dhidi ya lile la zamani.

Kuna tukio lingine la nchi hiyohiyo linaloonyesha hatari ya kutojibu vizuri. Uchunguzi wa Jaji Richard Scott kuhusu mauzo ya zana za kijeshi kwa Iraki, ripoti yake ilitoka Februari 1996, ulionyesha kwamba miongozo ya mauzo ililegezwa mwishoni mwa 1988 huku wabunge wakiendelea kujibiwa kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwaka uliofuata mabunge yote mawili yalipitisha maazimio kwamba mawaziri watoe taarifa sahihi na za kweli, na wasahihishe kosa mapema iwezekanavyo. Yaani ilibidi liandikwe.

#11

Msisahau upande wa hesabu zilizokwishatumika. Kamati ya Hesabu za Serikali, ambayo Uingereza waliianzisha mwaka 1861 kwa hoja ya Gladstone na nchi nyingi zikaiga, kwa kawaida haimbani waziri. Inambana Afisa Masuhuli, yaani Katibu Mkuu, kwa sababu ndiye anayewajibika kwa kila malipo. Waziri anaulizwa kwa nini sera ni hii. Afisa Masuhuli anaulizwa kwa nini hati hii ya malipo haina viambatisho. Ukimuuliza waziri la pili atakwambia si yeye aliyesaini, na atakuwa sahihi.

Tanzania iliona nguvu ya kamati hiyo mwaka 2014 kwenye suala la akaunti ya Escrow ya Tegeta, yaani fedha za umeme zilizowekwa Benki Kuu kusubiri mgogoro uishe, kisha zikatolewa. Kamati chini ya Zitto Kabwe ilileta ripoti Novemba, na kufikia Januari 2015 Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili walikuwa wameondoka kwenye nafasi zao. Hiyo ilikuwa kazi ya nyaraka, nyaraka, nyaraka.

#12

Wakuu, mmenipa moyo wa kujaribu. Sisi huku tuna zahanati iliyosimama, na mbunge wetu ametuambia tumpe swali la kupeleka kikao kijacho. Rasimu tuliyoandika ni hii:

"Je, Serikali haioni kwamba kuchelewa kukamilisha zahanati yetu ni kuwanyima wananchi haki yao, na ina mkakati gani wa kumaliza kero hii?"

Nisaidieni kuirekebisha.

#13

#12, hapo "haioni" ataona, na "mkakati gani" atakupa wa kurasa tatu. Anza na ripoti ya Mkaguzi Mkuu kama inaitaja zahanati au halmashauri yenu. Kama haitaji, nendeni halmashauri mkaulize taarifa ya mapokezi ya fedha kabla swali halijapelekwa. Mkiipata, mnajua jibu kabla ya waziri.

#14 Mleta uzi

Naunga mkono #13. Pendekezo langu la swali la msingi:

"Katika mwaka wa fedha uliopita Bunge liliidhinisha fedha za kukamilisha zahanati hii. (a) Ni kiasi gani kilitolewa hadi mwisho wa mwaka huo, na kwa tarehe zipi? (b) Kati ya hicho, ni kiasi gani kililipa madeni ya nyuma na kiasi gani kililipa kazi mpya? (c) Mkandarasi anadai kiasi gani hadi sasa?"

La nyongeza msilipeleke kwa mtu yeyote. Mbunge abaki nalo mkononi pamoja na taarifa ya mapokezi. Kama namba ya waziri kwenye (a) itatofautiana na ya halmashauri, asome zote mbili kwa utaratibu, ataje tarehe ya kila waraka, aulize ipi ni sahihi, kisha akae. Asiongeze hotuba.

Jibu likitoka, uliweke hapa neno kwa neno kama lilivyo kwenye Hansadi, tulifuatilie pamoja.